Idhini ya Kuhama

Ngazi za jengo lile ni arobaini na sita. Nilizihesabu mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na moja, siku mama aliponipeleka kwa kaka yake nikae "kwa muda tu," nami nikakaa miaka tisa. Mwaka huu, mwezi wa tatu, mjomba wangu alianguka kwenye ngazi ya thelathini na mbili akiwa amebeba ndoo ya maji, kwa sababu mwenye nyumba alishakata maji ili wapangaji waondoke. Wapangaji wengine wote walikuwa wameondoka. Amebaki yeye peke yake, ghorofa ya tatu, chumba namba saba, na notisi ya kubomoa jengo imebandikwa mlangoni kwake: mwisho wa mwezi.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Lakini hata mtu mpole angepasuka. Nilikuwa nimemjengea mjomba chumba kwangu, upande wa chini, hakina hata kizingiti cha kumkwaza. Bafu lina vishikio ukutani. Dirisha linapata jua la asubuhi. Miaka sita chumba hicho kilikaa kinalaza pasi na meza ya kupigia pasi. Kila nikienda kumchukua, jibu lilikuwa lile lile.

"Siwezi kuhama, msomi. Bado."

"Bado nini, mjomba?"

"Bado."

Kisha anageukia taipureta yake kana kwamba kuna mtu duniani bado anangoja taipureta itengenezwe.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Mtaa mzima walimwita Fundi Taipureta. Enzi zile ofisi, mahakama na shule zote zilileta mashine zao kwake, na mimi nilikua nikifanya hesabu za shule katikati ya mashine saba zilizofunguliwa matumbo, chumba kinanukia mafuta ya cherehani na wino wa utepe. Nililala nikisikia herufi zinagonga na kengele ndogo inayolia mstari ukifika mwisho. Mpaka leo nikisikia kengele ya namna hiyo, hata ya baiskeli, nasikia usingizi.

Watu walimletea pia fomu awachapie: za pasi za kusafiria, za viwanja, za talaka. Na hapo ndipo walipokoma. Mjomba hakugusa herufi hata moja kabla hajaisoma fomu yote kwa sauti, kuanzia kichwa hadi ile namba ndogo ya mpiga chapa kule chini kabisa ambayo hakuna mwanadamu anayeisoma. Mteja akilalamika, anaambiwa, "Kilichochapwa kimeshasema. Lazima ujue kimesema nini." Mwanamume mmoja alikuja na fomu ya talaka, akasomewa mpaka mwisho, akaikunja akarudi kwa mkewe. Mjomba hakumdai chochote, ila alisikitika kidogo kwa kuwa ile fomu ilikuwa na mistari mizuri.

Fomu yangu mimi ilikuja nikiwa na miaka ishirini. Mama alishafariki, mjomba hakuwa na akiba, na mimi nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea ufamasia katika chuo cha mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi. Serikali ilikuwa inakopesha wanafunzi ada na pesa za kujikimu kwa riba ndogo, ulipe taratibu ukishapata kazi. Kilichotakiwa ni mdhamini mwenye anwani ya kudumu.

"Mdhamini wako ndiye huyu?" aliuliza Bi Mapazia, aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. "Huyu hajawahi kumdhamini mtu hata kikombe cha chai. Kila siku chai yangu."

Bi Mapazia alikuwa na duka la kushona mapazia ghorofa ya chini. Mjane, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika bila kupaza. Mjomba alimtilia mafuta cherehani bila malipo, naye akampandishia chai ngazi zote arobaini na sita, saa nne na saa kumi, na hakuna aliyemtuma. Msichana wa miaka ishirini hakosi kuona mambo kama hayo. Mimi nilikuwa nimeshawaoza zamani moyoni mwangu, nangoja wao tu wapate habari.

Siku ile mjomba alisoma fomu yote kama kawaida yake. Alipofika kipengele cha saba alisimama, akarudia kukisoma. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akanitazama.

"Umekielewa hiki?"

"Mjomba, tia sahihi. Ofisi inafungwa saa tisa."

Nakumbuka kwamba alimtazama na Bi Mapazia pia, kwa muda. Kisha akatia sahihi. Alikuwa ameweka karatasi ya kaboni katikati. "Nakala yao, nakala yetu," alisema, akaiweka yetu kwenye jalada jipya, akachapa lebo: MKOPO.

Pesa za kwanza zilipoingia nilijiona tajiri. Nilinunua godoro, koti jeupe la maabara, na viatu ambavyo sikuvihitaji. Likizo nilimletea mjomba utepe mpya wa rangi mbili, nyeusi na nyekundu, na Bi Mapazia nikamletea futi ya kupimia. Akajizungusha futi ile shingoni akacheka. "Kukopa harusi, kulipa matanga, mwanangu. Sasa hivi uko harusini, cheza!"

Nami nilicheza. Ah, miaka ile. Tulikuwa wanne chumba kimoja, na bweni zima lilijua tarehe ya pesa za kujikimu kuliko tarehe za mitihani. Wiki ya kwanza tunakula nyama, wiki ya nne tunakula chai. Kila mwisho wa mwezi ilikuja barua ya mjomba, imechapwa, ina nambari ya kumbukumbu juu kama barua ya serikali. "Yahusu: Afya." "Yahusu: Mitihani yako." Wenzangu walizigombania wazisome kwa sauti. Nilikuwa naona aibu. Leo ningelipa kuzipata, maana nyingi nilifungia sabuni.

Nilipokuwa mwaka wa tatu, dada yake Bi Mapazia alimwachia duka katika mji wa mbali, safari ya siku nzima. Nilikuwa likizo siku aliyoondoka. Mizigo ilishashushwa, naye akapanda ngazi mara ya mwisho na chupa ya chai. Alimwambia mjomba mbele yangu, bila kuficha:

"Fundi, chelewachelewa utakuta mwana si wako. Njoo."

Mjomba alishika kile kikombe kwa mikono miwili. "Nina shughuli ya kumaliza kwanza," alisema.

Shughuli! Nilitazama zile taipureta saba nikatamani kuzitupa dirishani moja baada ya nyingine. Nilimwona mwoga. Na kwa miaka mingi niligeuza kisa kile kuwa kichekesho cha mezani: mjomba wangu aliyemwacha mwanamke wa maana kwa ajili ya mashine mbovu. Nilikisimulia hata kwenye harusi yangu, naye ameketi pale pale, akitabasamu huku anakata keki kwa uma.

Mahafali yangu hakuja. Alisema ana kazi. Aliyekuja ni Bi Mapazia, amesafiri siku nzima na suti aliyonishonea mwenyewe. Nilimlilia begani kwa hasira. Alinifuta uso kwa kiganja akasema, "Msamehe mjomba wako. Ana sababu zake, na ni nzuri kuliko unavyodhani." Nikadhani anamtetea kwa mapenzi tu. Kesho yake alipitia kwa mjomba, akamwachia pazia jipya la dirisha. Tangu hapo alikuja mara moja kila mwaka, na kila mwaka pazia. Halafu mimi nikaolewa, nikapata mtoto, nikapata zamu za usiku, na sikujua tena nani anakuja kwa nani.

Niliajiriwa duka la dawa la hospitali ya mji wetu. Makato ya mkopo yalianza mwaka wa pili, kiasi kidogo ambacho nilikiona kwenye hati ya mshahara kama mtu anavyoona jirani asiyesumbua. Wenzangu kazini walikuwa na busara zao. "Deni la serikali ni kama kipara," alisema mkuu wetu wa stoo, ambaye alikuwa navyo vyote viwili. "Unazeeka nalo, na halikuumizi." Ofisi iliruhusu mtu kuomba muda uongezwe, makato yapungue. Niliomba mara mbili. Mara ya kwanza nilinunua gari. Mara ya pili nilianza nyumba. Kwa riba ile, nani mjinga wa kulipa haraka?

Kila Januari, nikienda kumtakia mjomba heri ya mwaka, aliuliza swali moja.

"Deni linaendeleaje?"

"Lipo, mjomba. Halina haraka, riba yake ndogo."

"Sawa," anasema. Nami nageuza mazungumzo, nalisema lile pazia lake. Lilikuwa limepauka hata huwezi kujua lilikuwa bluu au kijani. "Nikununulie jingine basi, watu watadhani huna ndugu." Hapo tu ndipo alipokuwa mkali. "Pazia hilo usiliguse."

Basi. Alipoanguka, daktari alitaka kadi yake ya zamani ya hospitali, na mjomba, akiwa amelala kitandani goti limevimba kuliko paja, akanielekeza: "Rafu ya chini, majalada, lebo ya HOSPITALI. Usichanganye."

Nilipanda ngazi zile katika jengo tupu. Milango ya vyumba vingine ilishang'olewa. Chumba namba saba kilikuwa kama siku zote, kitanda kimetandikwa, kikombe kimefunikwa. Majalada yalisimama kwa mstari: HOSPITALI, KODI, MASHINE, MKOPO.

Nilichukua ile kadi. Ningeondoka. Lakini MKOPO lilikuwa langu, na lilikuwa nene. Fomu moja yenye kurasa nne haiwezi kunenepa namna ile. Nikaketi kitandani nikalifungua.

Juu kabisa ilikuwa nakala ya fomu yangu. Kipengele cha saba kilikuwa kimepigiwa mstari mwekundu. Nilikisoma kwa mara ya kwanza maishani, mimi ambaye kila siku nawafokea wagonjwa kwamba hawasomi karatasi iliyo ndani ya boksi la dawa.

"Mdhamini atakaa katika anwani iliyotajwa hapo juu hadi mkopo utakapolipwa wote. Hatahama wala kusafiri nje ya mji bila idhini ya maandishi ya Ofisi."

Chini yake kulikuwa na barua. Nakala za kaboni, karatasi nyembamba, zimepangwa kwa miaka. Ya kwanza ilikuwa ya Januari nilipokuwa mwaka wa tatu.

"YAH: OMBI LA IDHINI YA KUHAMA. Tafadhali rejea kipengele cha saba. Mimi, mdhamini wa mwanafunzi aliyetajwa hapo juu, ninaomba idhini ya kuhamia mji mwingine. Sababu: ndoa. Ninaahidi kuendelea kupatikana kwa barua. Mwanafunzi anasoma vizuri."

Januari iliyofuata, barua ile ile. Sababu: ndoa. Na iliyofuata. Kilichobadilika ni mstari wa mwisho tu. Mwanafunzi amehitimu. Mwanafunzi ameajiriwa. Mwanafunzi ameolewa. Mwanafunzi amejifungua mtoto wa kike. Mwanafunzi amenunua gari.

Nilihesabu ndoa kumi na moja.

Barua ya kumi na mbili haikuwa ya Januari. Ilikuwa ya Agosti, miaka karibu kumi iliyopita, na ilikuwa fupi. "Ninaomba idhini ya siku tatu. Sababu: mazishi." Mwanafunzi hakutajwa.

Baada ya hapo, Januari tena, barua kumi. Ninaomba idhini ya kuhama. Sababu: ngazi.

Nililia mle chumbani mpaka nikaona haya kwa kuta. Niliikumbuka Agosti ile. Nilimpigia mjomba simu siku mbili hapokei, siku ya tatu akapokea kwa sauti iliyokwaruza. "Mafua," alisema. Nikampelekea dawa za mafua, nikaziacha mezani nikakimbilia kazini. Sikumtazama hata usoni. Na Bi Mapazia, aliyenishonea suti ya mahafali, alikuwa ameshazikwa, nami sikuwa na habari.

Asubuhi yake nilikuwa ofisi ya mikopo kabla hawajafungua. Nilikwenda kwa shari, nasema kweli. Karani wa dirisha la tatu alikuwa mama wa makamo mwenye koti la sufi. Nilimpa namba yangu, akaenda ndani, akarudi na jalada, na uso wake ulikuwa umechangamka.

"Kumbe ni wewe! Wewe ndiye mwanafunzi wa Mzee wa Januari!"

"Mzee wa nani?"

"Wa Januari. Kila mwaka barua yake lazima ije. Imechapwa safi, hakuna kosa hata moja. Tunaisomeana hapa. Mwaka mmoja ulijifungua, si ndiyo? Tulifurahi."

Aligeuza jalada nione. Barua zote ishirini na mbili zilikuwemo, hizi ndizo zenye wino halisi. Kila moja ilikuwa na muhuri wa IMEPOKELEWA. Hakuna kingine.

"Kwa nini hamkumjibu?" Sauti yangu ilikuwa imeanza kupanda, watu kwenye foleni wakageuka. "Mtu anaomba ruhusa ya kuoa miaka kumi na moja, ninyi mnagonga muhuri?"

Uso wa yule mama ulibadilika. Akavuta jalada karibu yake taratibu.

"Dada, hakuna fomu ya kujibu kitu kama hicho. Kipengele hicho hakuna anayekifuata. Wadhamini wanahama, wengine wamehamia nje ya nchi, wengine wamekufa. Kilishaondolewa kwenye fomu mpya zamani." Alifunua barua chache. "Tulidhani anatania. Mzee mcheshi. Hata ile ya mazishi..." Hakumaliza.

Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, matusi yamepangwa tayari. Lakini ningemtukana kwa lipi ambalo mimi sikulifanya? Wao walizisoma zile barua angalau. Mimi niliulizwa ana kwa ana kila mwaka, nikajibu riba ndogo.

"Salio langu ni kiasi gani?" nikauliza.

Akaniandikia kwenye kikaratasi. Vigae na bafu la kile chumba nilichomjengea, peke yake, vilikuwa vimenigharimu zaidi. Ningeweza kulimaliza deni mwaka wowote kati ya miaka yote hiyo. Ningeweza kulimaliza mwaka wa gari, na gari lenyewe nilishaliuza chuma chakavu.

Nilitoa pesa nilizoweka kwa ajili ya geti. Siku ya pili nikarudi kuchukua barua ya kumaliza deni. Yule mama alikuwa ameiandaa mwenyewe. Nilimwomba aongeze mstari mmoja kuhusu mdhamini. Alisema barua hizo zina mpangilio wake, hauongezwi kitu. Kisha akatazama huku na huku, akauongeza, akagonga mihuri miwili.

Hospitali walimruhusu mjomba siku hiyo hiyo. "Nirudishe kwangu," alisema, amejiandaa kwa ugomvi. Sikubishana. Niliwalipa wapagazi wawili, wakampandisha kwa kiti ngazi zote arobaini na sita, naye njia nzima akinitazama kwa wasiwasi, kama anauliza nimeugua nini.

Walipoondoka nilimwekea mguu juu ya stuli, nikampa bahasha.

Aliifungua kwa kisu. Akapangusa miwani. Akaisoma kwa sauti, kuanzia kichwa, namba ya kumbukumbu, tarehe, jina langu kamili, hadi muhuri wa pili. Alipomaliza aliiweka magotini, akainyoosha kwa kiganja, ingawa haikuwa na mkunjo.

"Umelilipa lote."

"Lote, mjomba. Nilifungua jalada. Nimesoma barua."

"Lile si jalada la HOSPITALI."

"Lina jina langu."

Alifikiri akaona ni hoja. Akanyamaza. Mimi ndiye sikuweza kunyamaza, sijawahi kuweza.

"Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu, mjomba! Ningelipa. Ningeuza gari, ningefanya zamu mbili. Yeye alikuwa anakungoja!"

"Ndiyo maana sikukuambia," alisema. "Ungeuza. Ungeacha hata shule, nakujua hasira zako. Mtoto akiwa anapanda mti humwiti kutoka chini. Nilikuwa nakuuliza, ukasema linaendelea. Nikajua basi, linaendelea."

"Lakini hakuna aliyekuwa anakifuata kile kipengele. Hakuna! Wameniambia wenyewe pale ofisini."

"Mimi nilikitilia sahihi," mjomba alisema, bila kupandisha sauti. "Na yeye alikuwepo nilipokisoma. Alijua. Baadaye aliniambia, 'Mtu akivunja neno lake kwa ajili yangu, kesho atavunja na neno alilonipa mimi.' Akasema atakuwa anakuja yeye mpaka utakapomaliza." Alitazama dirishani. "Tulidhani utamaliza mapema."

Nilikaa chini sakafuni, pale pale nilipokuwa nafanyia hesabu zangu za shule, nikaegemeza kichwa kwenye mguu wa kiti chake. Nilimwomba msamaha. Akaweka mkono juu ya kichwa changu, mkono ule unaonukia mafuta ya cherehani hata baada ya siku tatu za hospitali, akasema si kitu, si kitu, mtoto mwenyewe amesoma.

Baada ya muda akaichukua tena ile barua.

"Msomi, kuna jambo sikukuambia. Agosti ile. Idhini haikuja, nami nikasafiri."

"Mjomba..."

"Ngoja. Nilikwenda kumzika. Nililala huko siku mbili. Nilivunja masharti. Ulipopiga simu nikakuambia nina mafua, ukaniletea dawa. Zile dawa sikuzimeza. Zimo kwenye droo." Mzee wa miaka sabini na mbili, ananitazama kama mtu aliyeitwa mahakamani. "Nimeogopa miaka yote hii wasije wakajua, wakakudai wewe deni lote kwa mpigo. Sasa nataka kujua. Barua hii inafuta na zile siku mbili?"

Nikanyanyuka, nikamwonyesha kwa kidole ule mstari aliouongeza yule mama.

Mjomba aliinamia karatasi. "Mdhamini ameondolewa wajibu wote," alisoma. Akarudi nyuma akasoma tena. "Wote."

"Wote, mjomba. Na Agosti."

Alivua miwani, akaifunga, akaitia mfukoni. Akaniomba lile jalada la MKOPO, akaitia ile barua ndani, akalifunga, akanikabidhi. Kisha akatazama chumba chake, kitanda, rafu, taipureta ya mwisho juu ya meza.

"Haya, tuhame," alisema. "Anza na pazia. Polepole, lisichanike."

Nikasogeza kiti dirishani, nikapanda.